Papa, anzia kwenye mlango unaokujua: namna baba wa Bukavu anavyoweza kupata msaada

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukitoka Nyawera kwa miguu kuelekea Panzi, soma mabango ya barabarani. Wanawake na watoto. Wasichana waliozaa. Wajane. Yatima. Mji huu una mabango mengi, ila sijaona hata moja lililoandikwa "akina baba". Basi baba aliyekwama anafika langoni, mlinzi anamuuliza, "Papa, unatafuta nani?" Naye anakosa la kujibu, anasema amepotea njia, anarudi nyumbani. Nimeshawahi kuwa baba huyo.

Msaada upo, lakini umelala chini ya majina mengine: siku ya kupimisha watoto, MUSO (kundi la akiba na kusaidiana), shirika (jumuiya ndogo ya kanisa) la avenyu, yaani la mtaa, mazungumzo ya wanandoa, ushauri wa sheria bila malipo. Nitaeleza namna ya kuuchimbua, hatua kwa hatua. Orodha ya ONG, mashirika yasiyo ya serikali, sitakupa. Ile niliyoikusanya mwaka 2023 leo inafaa kufungia karanga. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Februari ya mwaka huo huo waasi wa M23 wakaingia mjini. Miradi mingi ilikatika katikati, ofisi zikafungwa, mabango yakabaki yamesimama. Vilivyoendelea ni vile ambavyo watu wa mtaa wanaviendesha wenyewe, na huko ndiko tutaanzia.

Hatua ya 1: Ipe shida yako jina

Usitoke nyumbani na neno "msaada" peke yake. Hakuna anayejua akupeleke wapi nalo. Chukua karatasi, andika sentensi moja ya kweli. "Mtoto wangu wa miaka miwili amevimba miguu." "Mama wa watoto alikwenda Uvira, hajarudi, nimebaki na watatu." "Silali tangu vita." "Tunagombana kila usiku kwa sababu ya pesa, na nimeanza kunyanyua mkono." "Mtoto hana akti ya kuzaliwa."

Kila sentensi ina mlango wake. Ukiwa na shida nne kwa mpigo, na wengi wetu tunazo, tanguliza ile inayomgusa mtoto. Mlango wa mtoto hufunguliwa upesi kuliko wa mtu mzima, na aliye ndani ya mlango huo kwa kawaida anajua milango mingine.

Hatua ya 2: Anza na avenyu yako

Hapa watu wawili watakufaa. Wa kwanza ni shefu wa avenyu au nyumbakumi. Yeye ndiye anayefuatwa mradi unapotaka majina ya watu, kwa hiyo jina lako linatakiwa kuwa kichwani mwake kabla mradi haujafika. Mtembelee siku ambayo huombi kitu. Ukiwa mgeni, uliyekimbia kutoka Kalehe au kutoka Uvira, jitambulishe mapema kabisa: asiyejulikana kwenye avenyu huwa haandikwi popote.

Wa pili ni kiongozi wa shirika. Kwa wasomaji wa mbali: shirika hapa Bukavu ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa mmoja, wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba kila juma. Ndani yake kuna mtu anayeshughulikia wagonjwa na maskini, na yeye ana njia ya kufika Caritas ya parokia, ofisi ya misaada ya Kanisa Katoliki. Waprotestanti wana kundi la wababa kanisani. Kanisa za 8e CEPAC na 5e CELPA zimejaa mji mzima, na kwa waumini wao mchungaji wa mtaa ni mlango mzuri kuliko ofisi yoyote. Kwa Waislamu ni imamu na watu wa zaka.

Kosa tunalolifanya wanaume ni kuwaachia akina mama shirika lote. Mama anasali, mama anachanga, mama anakwenda kwenye kilio. Siku baba anapokuja peke yake na shida, watu wanamtazama kama mpita njia. Hudhuria mara tatu au nne kwanza. Beba kiti siku ya msiba. Halafu zungumza na kiongozi pembeni, kikao kikishaisha. Usiieleze shida yako mbele ya wote, maana habari ya baba aliyeshindwa kulisha inashuka milima ya Kadutu upesi kuliko mvua.

Hatua ya 3: Mpeleke mtoto mwenyewe kwenye kituo cha afya

Siku ya kwanza niliyompeleka binti yangu kupimwa kilo, nilikuwa mwanaume peke yangu kwenye foleni ya akina mama wapatao arobaini. Mmoja akaniuliza kwa huruma, "Papa, pole, mama yake alikufa?" Nikamwambia yupo sokoni Kadutu anauza. Wakacheka foleni nzima. Mara ya tatu hawakucheka tena, na mara ya tano yule yule ndiye aliyeniambia kuna kundi la wazazi linakutana Alhamisi nyuma ya kituo. Habari hiyo haikubandikwa ukutani.

Kila eneo la afya lina wahudumu wa kujitolea wanaoitwa reko. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanajua nani anajifungua, nani ana kifua kikuu, nani hana chakula. Uliza kituoni reko wa avenyu yako ni nani, chukua namba yake. Akiwa na kumbukumbu ya familia yako, chakula cha lishe, chandarua au kikao cha wazazi kikipita, atakukumbuka.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, reko hutumia utepe wa rangi unaozungushwa katikati ya mkono wa juu. Kijani ni milimita 125 kwenda juu. Njano ni 115 hadi chini kidogo ya 125: mtoto anaanza kudhoofika. Nyekundu ni chini ya 115, na hapo ni kwenda kituoni siku ile ile. Bwaki, yaani utapiamlo wa kuvimba, unaweza kuiangalia mwenyewe nyumbani. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, siyo chini ya nyayo, hesabu hadi tatu, achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, usisubiri Jumatatu. Usidanganywe na mashavu ya mviringo, kwani bwaki huvimbisha mtoto akaonekana mnene. Ile siagi ya karanga ya matibabu inayotolewa kwenye pakiti hutolewa bure kwa mtoto aliyeandikishwa. Kuiona ikiuzwa sokoni haina maana kwamba wewe unatakiwa kuinunua.

Mkeo akiwa na mimba, mfuate kliniki hata mara moja. Vituo vingine huwapokea kwanza waliokuja wawili, na humo ndimo mafunzo ya wanandoa yanapotangazwa.

Hatua ya 4: Tafuta MUSO au AVEC, lakini ichunguze kabla hujaingia

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu baba wengi ninaowajua walisimama tena kupitia sanduku la pesa kuliko kupitia mradi wowote. Isitoshe, benki zilipofunga milango mwaka 2025, sanduku la mtaa ndilo lililobaki likifanya kazi.

Kuna aina tatu, na watu huzichanganya.

Likelemba ni ya zamani na nyepesi: watu kumi wanachanga sawa, mmoja anabeba zote, wiki ijayo mwingine. Ni nzuri kwa kununua mali ya biashara au kulipa nyumba. Mtoto akiugua na zamu yako bado, haikusaidii.

MUSO, mutuelle ya mshikamano, ina masanduku matatu ya rangi. La kijani ni akiba na mikopo: unakopa, unarudisha na riba ndogo. Jekundu ni la mshikamano: linatoa kwa ugonjwa, kifo, uzazi, moto, na hakuna riba. La bluu huwekwa pesa kutoka nje ya kundi, kama mkopo wa taasisi. Kwa baba mwenye watoto, ninakuomba ulitazame sana lile jekundu. Uliza: linatoa kiasi gani kwa mtoto aliyelazwa? Linatoa baada ya siku ngapi? Nani anathibitisha? Kundi lisilo na majibu hayo kwenye kanuni zake lina sanduku jekundu la mapambo tu.

AVEC, chama cha kijiji cha akiba na mikopo, ina watu kama 15 hadi 30 wanaonunua hisa, moja hadi tano kila kikao, zikapigwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ili hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Baada ya miezi 9 hadi 12 mnavunja sanduku na kugawana akiba pamoja na faida. Wenye akili hupanga mzunguko uishe kabla ya shule kufunguliwa. Shule ya msingi ya serikali haina karo tangu 2019, ila sekondari bado inalipwa, na viatu havijawahi kuwa bure.

Chukua mfano tuhesabu. Kundi la watu 25, kila mmoja anaweka franga 2,000 kwa juma sanduku la kijani na 500 sanduku jekundu. Juma moja kijani kinaingia 50,000, jekundu 12,500. Baada ya majuma manne jekundu lina 50,000. Watoto wawili wakilazwa mwezi huo huo, limeisha. Kwa hiyo ukisikia kundi linaahidi laki mbili kwa kila mgonjwa na mchango ni franga 500, hesabu zao haziendi, na wewe usiende.

Kabla ya kuingia, omba kuhudhuria vikao viwili kama mgeni. Tazama kama pesa inahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Tazama kama kitabu kinaandikwa pale pale, hakibebwi kwenda kuandikwa nyumbani kwa rais wa kundi. Angalia pia kama aliyechelewa kulipa anaulizwa kwa heshima au kwa matusi, maana siku moja utakuwa wewe.

Halafu jambo la nyumbani. Waume wengi wana MUSO ambayo mke haijui, na wake wengi vivyo hivyo, na siku ya kuvunja sanduku ugomvi unavunja kila kitu kingine. Mwambie mkeo kiasi unachoweka. Mkiweza, ingieni makundi mawili tofauti mkijuana: moja likitetereka, lingine lipo.

Mutuelle ya afya ni kitu kingine tena. Unalipia familia nzima mchango wa mwaka, kisha sehemu ya bili ya hospitali inalipwa. Huku kwetu zimejengwa zaidi kupitia kanisa Katoliki na ofisi yake ya afya, BDOM. Uliza parokiani mwezi wa kuandikisha ni upi, kwa sababu ukikosa dirisha lile unasubiri mwaka.

Hatua ya 5: Kama kinachouma ni kichwa au ndoa

Huku wanaume tunafika tumechelewa. Tunapitia kwanza pombe, kasiksi halafu kanyanga, halafu ngumi, ndipo mtu wa tatu anatuleta.

Kuna makundi ya mazungumzo kwa wanaume. Yaliyojulikana zaidi Kivu yanaitwa Living Peace, yalianzishwa na shirika la Promundo, na yana taasisi yake Goma. Wanaume wa mtaa mmoja hukutana kila juma kwa vikao kama 15, wanazungumza vita waliyopita, hasira, pombe, pesa, na baadaye wake zao wanaingia. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda ina mpango wa jamii hiyo unaoitwa Bandebereho, unaowalenga baba wenye watoto wadogo na wanaotarajia. Ukiuliza, usiulize "kuna programu ya baba?" Uliza "kuna kikao cha wanaume?" au "kuna mafunzo ya wanandoa?" Kwa Kifaransa cha ofisi wanasema masculinité positive, yaani uanaume mwema. Tamka hivyo kwa mtu wa mapokezi na utaona uso wake ukibadilika: sasa anajua ni mlango gani.

Waulize pia watu wa saikolojia kwenye hospitali kubwa. Panzi, iliyoanzishwa na daktari Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kwa wanawake iliowatibu, lakini wanaume waliobakwa vitani nao hupokelewa. Nimeliandika wazi kwa sababu yupo atakayesoma hapa ambaye hajamwambia mtu. Ikiwa ni tukio la karibuni, fika kabla ya saa 72 kwisha, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi ndani ya muda huo. Ikiwa ni la zamani, bado nenda.

Na Sosame. Najua, ukisema Sosame watu wanacheka, ni tusi la vijana: "huyu apelekwe Sosame." Ni kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo, na mtu asiyelala miezi mitatu anaingia mlango ule kama anavyoingia mwenye malaria mlango wa kituo chake. Jirani akikuona, mwambie ulimpeleka shemeji.

Hatua ya 6: Karatasi za mtoto

Hili fupi, ila lina tarehe. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtoto atangazwe komini, yaani kwenye manispaa, ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Nenda komini yako, Ibanda, Kadutu au Bagira, ofisi ya etasivili inayoandikisha vizazi, na kitambulisho pamoja na karatasi ya kituo alikozaliwa. Karatasi ile ya kituo ni cheti tu. Akti ya kuzaliwa inatoka komini, na ndiyo yenye nguvu. Baba wengi wana cheti kwenye mfuko wa plastiki na wanaamini wamemaliza kazi.

Siku 90 zikipita inahitajika hukumu ya mahakama, na mahakama huku zimeyumba tangu 2025. Basi hesabu siku.

Hukuoana na mama wa mtoto? Kifungu cha 591 cha sheria hiyo kinasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna ruhusa ya kumkana mtoto, awe wa ndani au wa nje ya ndoa. Kifungu hicho kinakubana, na pia kinakulinda ikiwa ukoo wa mama unakukatalia kumtambua mwanao. Kwa ushauri bila malipo, uliza baraza la mawakili kuhusu dawati lao la mashauri ya bure, au tume ya Haki na Amani ya parokia.

Hatua ya 7: Pima mradi kabla mradi haujakupima wewe

Mwaka mmoja walikuja watu na fulana nyeupe, wakatuandika wababa 30 wa avenyu yetu, wakachukua kadi zetu za mpiga kura "kwa siku mbili tu". Kadi zilirudi baada ya miezi minne, mbili zikakosekana. Huku kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Wenzetu wale wawili kila kizuizi kilikuwa mateso, na msaada hatukuuona.

Tangu hapo nina desturi. Natoa fotokopi, sitoi kadi. Silipi pesa ya kuandikishwa, hata ikiitwa "ya fishi" (ya fomu) au "ya usafiri wa ripoti". Namwuliza mwandikishaji mambo matatu: nani anaendesha, kikao cha kwanza ni wapi na lini, na mradi unaisha mwezi gani. La tatu linawashangaza. Lakini mradi unaoisha baada ya miezi miwili ni vizuri kuujua mapema, usije ukaacha kibarua chako cha kubeba matofali kwa ajili yake. Kisha napita kwa shefu wa avenyu kuhakikisha anawafahamu. Na picha: una haki ya kukataa kupigwa picha wewe na watoto, na bado ukapewa kilichoandikwa kwa jina lako.

Hatua ya 8: Ukikosa kabisa, kusanya watano

Sisi tulianza sita, chini ya paa la darasa la shule ambalo mwalimu mkuu alituruhusu Jumamosi baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Shefu wa avenyu aliarifiwa tangu siku ya kwanza, akaelezwa ni kikao cha wazazi, na siasa haikuruhusiwa kuingia mlangoni. Katika hali ya mji ilivyo sasa, hilo ndilo lililotuweka salama. Tunaanza saa tisa alasiri ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Kila mmoja anaeleza juma lake: mtoto gani aliugua, kibarua kilikuwaje, nyumbani kukoje. Linalosemwa humo halitoki. Wa kwanza kulivunja agizo hilo tulimwomba apumzike miezi mitatu, naye alirudi.

Mwezi wa pili tukaongeza sanduku jekundu peke yake, franga 500. La kijani lilikuja baadaye, tulipokwisha kuzoeana. Reko wa eneo huja mara moja kwa mwezi na utepe wake wa rangi. Siku hiyo tunaleta watoto, na kelele zinakuwa nyingi mno.

Njoo na daftari, kalamu, na mwavuli, kwa maana paa la darasa lile linavuja upande wa ubao. Faini ya kuchelewa ni franga 200.